Mpishi wa Maua Anayeazima Pua ya Jirani

Saa nne asubuhi, Profira Lungoci bado hajachuma hata ua moja. Amesimama kando ya uzio na kikapu mkononi, anasubiri umande ukauke. Anagusa kishada kimoja kwa kidole, anakitazama kidole, kisha anakipangusa kwenye aproni.

"Bado," anasema. "Ua likiingia mtungini na maji ya usiku, kinywaji kinaota ukungu. Mimi sina haraka. Treni ndiyo yenye haraka."

Maua hayo ni ya msoku, kichaka chenye vishada vyeupe vipana kama sahani, kinachoota kwenye kila uzio hapa Izvoru Rece, kijiji cha mlimani. Kwa vishada hivyo Profira, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, anatengeneza sokata, kinywaji cha kiangazi anachouza katika kibanda chake kando ya kituo cha reli. Njia ya reli ni moja, kwa hiyo treni inayopanda mlima husimama dakika ishirini kuipisha inayoshuka. Abiria huteremka na koo kavu.

Jua likishashika, anaanza kukata. Haoshi. Anakitikisa kila kishada mara moja ili wadudu waanguke, basi. Lile vumbi la manjano lililo ndani ya ua ndilo hamira yake, na anayeliosha amekitupa kinywaji chenyewe. Vishada vinaingia kwenye mtungi wa kioo pamoja na maji ya kisima, asali na vipande vya limau. Juu anafunga shashi. Mtungi unakaa juani siku tatu au nne, hadi uanze kutoa povu bila kupata moto.

"Siku ya nne unafungua, unanusa, unajua kama umeiva," anaeleza. Kisha anacheka kidogo. "Unanusa wewe. Mimi sinusi."

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka juzi. Homa ilimlaza wiki mbili, na ilipoondoka iliondoka na pua yake. Hakuelewa mara moja.

"Kwanza nilidhani wamebadilisha sabuni. Halafu nikaona kahawa haina kitu, nikaenda kumgombeza mwenye duka. Baadaye nikarudi kumwomba radhi, maskini. Akanipa pakiti nyingine bure. Nayo haikuwa na kitu."

Daktari wa mjini alimwambia huenda pua ikarudi, huenda isirudi, ila ainuse mimea yake kila siku ili isisahau. Hadi leo, kila asubuhi Profira huchuma jani la mnanaa, hulisugua kati ya vidole na kulipeleka puani. "Hakuna," anasema. "Namsalimia tu."

Na kazi yake yote ilikuwa ya pua. Maua ya maboga anayajaza jibini na kuyakaanga. Vishada vya msoku anavichovya kwenye rojo la unga na mayai, vikatoka kwenye mafuta vikiwa vitumbua vyenye mikia. Juu ya viazi vipya ananyunyiza maua ya zambarau ya vitunguu majani, na waridi anazipika jamu. Yote hayo aliyapima kwa kunusa, tangu alipokuwa msichana jikoni kwa mama mkwe wake.

Hakumwambia mtu. Kibanda hufunguliwa miezi minne tu kwa mwaka, na zile lei, fedha ya hapa, elfu nane au tisa anazozipata ndizo zinazomvusha kwenye theluji, yeye na mumewe asiyeweza tena kazi ya msituni. "Nikisema sinusi," anauliza, "nani atakunywa kitu nilichokichachua juani?"

Aliyegundua ni Leontina Sabău, jirani yake wa miaka sabini na mbili, aliyesambaza barua hapa kwa miaka thelathini. Pua ya Leontina inajulikana. Watu wanasema alikuwa akipita na mfuko wa barua anajua kila nyumba inapika nini, na ni mume gani amekorofishana na mkewe hadi supu ikaachwa iungue.

Asubuhi moja ya Mei mwaka jana, supu iliyoungua ilikuwa ya Profira. Jikoni moshi umetanda, naye amekaa hatua mbili tu kutoka kwenye jiko, amelipa mgongo, anamenya viazi na kuimba. Leontina akaingia, akaondoa sufuria, akafungua dirisha.

"Nimekuja kuazima chumvi," akasema.

Akapewa chumvi akaenda zake. Kesho yake akaja tena kuazima chumvi. Njiani kuelekea mlangoni akapita kwenye mitungi juani, akainama kidogo, akasema kama mtu anayezungumzia mvua: "Huu wa tatu umeiva. Ule wa mwisho mwache alale."

Aliendelea hivyo kiangazi chote. Profira alihesabu vijiko. "Nikawa najiuliza, huyu mwanamke amefuga ng'ombe wangapi wanaolamba chumvi yangu?"

Leontina, aliyeketi pembeni akichambua maua, hainui macho. "Ningesemaje? 'Mdogo wangu, pua yako imekufa'? Mtu hamwambii jirani hivyo. Chumvi yako ninayo yote kwenye kopo. Nenda kaichukue ukitaka."

Hawakuwahi kulizungumza. Ila siku moja ya Agosti Leontina alipofika, alikuta chumvi imeshafungwa kwenye karatasi, na karibu na mitungi kuna kiti chenye mto. Profira akasema, "Keti kwanza, dada. Usinuse kwa haraka." Leontina akaketi.

Kibanda kingeendelea hivyo miaka mingi, kama si nyonga ya Leontina. Ngazi za nyumba yake zimemshinda. Binti yake amemwandalia chumba katika mji wa Cluj, ghorofa ya chini, na Jumapili hii anahama.

Mapema mwezi huu alikwenda huko siku nne kukiona chumba. Siku hizo nne zilitosha.

Toader, kijana anayeongoza ishara za treni, alimwona Profira akipanda mteremko peke yake na vikapu viwili. Akamhurumia. Alipomaliza zamu akachuma maua kando ya tuta la reli, akayakata vikonyo vizuri kabisa kama anayeyapeleka kanisani, akayaleta kikapu kizima.

Nusu yake yalikuwa bozu.

Bozu ni binamu wa msoku, mwenye vishada vyeupe vilevile na umbo lilelile. Lakini bozu ananuka vibaya, na anayemnywa hutapika siku nzima. Mtoto wa hapa hufundishwa kuwatofautisha kwa pua kabla hajajua kusoma. Toader alikulia mjini kwenye maghorofa. Profira aliyepokea kikapu alikulia hapahapa, akakishika, akakinusa kwa mazoea, akashukuru. Maua yakaingia mtungi wa nne, ule mkubwa wa lita thelathini.

Siku ya nne Leontina aliteremka kwenye treni na begi lake, akaja moja kwa moja hadi kwenye mitungi. Kufika wa nne akarudi nyuma hatua moja.

"Profira. Nani kakuletea haya?"

Hakuna glasi hata moja ya mtungi huo iliyokuwa imeuzwa. Mtungi ulimwagwa nyuma ya uzio. Profira aliuosha kwa maji ya moto mara tatu, akaupindua juani, kisha akaenda kibandani akaweka kufuli.

"Usiku nilikuwa nawaona watoto," anasema. "Wale wanaoshuka na glasi zao wenyewe za plastiki. Niliwaona wanakunywa. Sikulala."

Siku mbili treni zilisimama na kuondoka. Abiria waligonga ubao wa kibanda, hawakujibiwa. Toader alikuja, kofia mkononi.

"Mama, nilitaka nikupunguzie kazi."

"Umenipunguzia, mwanangu," Profira akamjibu. "Leo sina kazi kabisa."

Kisha akampa chakula, kwa sababu alimwona hajala. Tangu hapo Toader akileta maua huleta tawi zima na majani yake na gome lake, amelibeba begani. "Siku moja atauleta mti na mzizi wake," anasema Leontina.

Siku ya tatu ya kufuli, Leontina alivuka uzio na kitambaa cheupe cha meza na kibanio cha nguo. Akatandika kitambaa barazani. Akamwaga juu yake vishada vya msoku, na vya bozu alivyokwenda kuvichuma mwenyewe na nyonga yake ile. Akavichanganya. Halafu akakichukua kibanio akajibana pua.

"Haya," akasema, kwa sauti ya bata mwenye mafua. "Leo hata mimi sina. Tutafute njia."

Profira alicheka hadi akalia, na hakujua ni wapi kicheko kiliishia.

Walikaa hapo tangu asubuhi hadi jua lilipozunguka nyumba. Waliona kwamba kikonyo cha bozu ni laini kama nyasi, na cha msoku kinatoka kwenye mti mgumu. Waliona kwamba katikati ya ua la msoku kuna vijinukta vya manjano, na kwenye la bozu vijinukta hivyo ni vya zambarau, unaviona ukiyaweka maua juu ya kitambaa cheupe na kuvaa miwani. Kisha wakaenda kwenye mitungi. Profira akaweka sikio kwenye kioo. Mtungi mchanga hauna sauti, ulioiva unanong'ona kama mvua ndogo kwenye majani, uliopitiliza unanyamaza tena. Ulimi wake bado unaujua uchachu na utamu. Kidole kinaujua utelezi wa kinywaji kilichoharibika.

"Sikumfundisha kitu," anasema Leontina. "Alikuwa anayajua yote hayo. Pua ndiyo ilikuwa inamsemea."

Sikio la Leontina mwenyewe halikusikia chochote kwenye mitungi. Alibaki na kibanio chake hadi alama mbili nyekundu zikatokea, na alikataa kukitoa wakati wa kula.

Jumatano iliyopita kibanda kilifunguliwa. Profira hakumimina. Alisimama nyuma ya mitungi saba, abiria wamejipanga, akawaambia kwamba mwaka wa pili sasa hanusi, kwamba wiki iliyopita alikaribia kukosea, na sasa anachagua maua kwa macho na anasikiliza mitungi kwa sikio. Anayetaka kunywa anywe, asiyetaka ana haki.

Wanawake wawili walirudisha glasi mezani, wakapanda treni. Profira anasema hawalaumu. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Wengine walitazamana.

Mzee Anghel, anayeshuka mjini kila wiki kuuza kengele za ng'ombe, ndiye aliyenyoosha mkono.

"Mimi sikio la kushoto lilikufa jeshini," alisema. "Na kengele nauza. Mimina, mama, treni inaondoka."

Siku hiyo ziliuzwa glasi thelathini na moja. Zamani siku kama hiyo zilikuwa sitini. Juzi zilikuwa arobaini na nne.

Ndiyo maana Profira amekubali kuandikwa gazetini, ingawa alikataa picha. "Andika kwamba sinusi," anasema. "Uandike hilo kabla ya vitumbua. Nataka mtu ajue akiwa bado yuko nyumbani kwake, aamue huko, asione haya mbele yangu."

Zimebaki siku tatu za kuchuma. Baada ya Sânziene, sikukuu ya mwishoni mwa Juni, hakuna anayegusa msoku hapa, maua yaliyobaki huachiwa ndege wapate matunda. Kwa hiyo leo Profira anachuma ya sharbati pia, ile nzito ya sukari inayodumu hadi majira ya baridi. Kila kishada anakipitisha juu ya kitambaa cheupe, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, na anachukua muda mrefu. Leontina anachambua yale yaliyokwisha kupita tu; kukisogelea kitambaa amekatazwa.

Kibanda kitafungwa mwishoni mwa Septemba. Oktoba, Profira amepanga kupanda treni hiyohiyo anayoisubiri kila siku, aende Cluj kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja. Atachukua chupa moja ya sharbati ya maua ya wiki hii.

"Uilete," anasema Leontina kutoka kwenye kiti chake. "Nitainusa kwanza, nikwambie."

"Hutanusa."

"Profira."

"Hutanusa, dada. Nitakumiminia, na wewe utakunywa tu."

Leontina anaacha kuchambua. Anazitazama chupa tupu za sharbati zilizopangwa dirishani, kisha anamtazama jirani yake.

"Haya," anasema. "Nitakunywa."