Mtu wa Kunitwika

Siku ile, jikoni kwetu Old Moshi, walikuwepo hawa: baba mdogo Amani, aliyepanda kutoka Njoro akiwa na viatu vyake vya kanisani, shangazi Ruthi wa Kwa Sadala, ambaye alikuwa hajavua kitenge cha msiba, Mama Kunda, jirani yetu wa kihamba cha pili, ng'ambo ya migomba yetu, mdogo wangu Elia, Ndeshi, kitinda mimba wetu, aliyelala mapajani kwa shangazi, na mimi, Nsia, mkubwa wao. Nyuma ya ukuta wa mbao alikuwepo ng'ombe wetu Sifa, na harufu yake ya kinyesi kibichi, maziwa na maganda ya ndizi ilikuwa imeshika nyumba yote. Tulikuwa tumemzika mama wiki ileile. Baba alitangulia zamani, Ndeshi akiwa bado wa kubebwa mgongoni.

Baba mdogo aliongea taratibu, akitazama moto. Alisema nyumba ya mlimani isiyo na ng'ombe haina samadi ya migomba wala maziwa ya watoto, na kiangazi kilikuwa kinaingia. "Nani atashuka kukata majani?" akauliza. Nikasema, "Mimi." Akauliza, "Na shule?" Nilikuwa kidato cha pili. Ndipo wakubwa wakakubaliana: tungeachwa pamoja mpaka mvua za vuli. Kama Sifa angekuwa bado amesimama na anatoa maziwa, tungebaki. Kama angeshindwa, angeuzwa. Elia angekwenda Njoro, Ndeshi angekwenda Kwa Sadala, nami ningetafutiwa kazi za ndani mjini. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Chumba chake kilikuwa kimejaa watoto wake mwenyewe, na alikuwa akitafuta pa kuweka watoto wa kaka yake.

Wakati wa kiangazi majani huisha huku juu, na mwenye ng'ombe hana budi kushuka tambarare kutafuta nyasi na mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Wanawake wa kwetu walishuka kwa kundi alfajiri, mundu mkononi na kamba ya mgomba begani, wakiongea njia nzima. Mimi nilikuwa nachelewa kila siku. Ilibidi kwanza nikamue, nipike uji, nimtayarishe Elia kwenda shule na nimpeleke Ndeshi kwa mama mkwe wa Mama Kunda, bibi mzee asiyetoka nje. Nilipofika chini wenzangu walikuwa tayari wanafunga matita yao. Nilikata peke yangu, vumbi la mabua likiniwasha shingoni, na upepo ulipogeuka nilisikia kengele ya shule kutoka juu, ile niliyoijua mpaka jina la mpigaji wake. Nilikuwa nasimama kidogo nikiisikiliza, halafu nainama tena.

Sasa, tita la majani lina sheria yake, na kila aliyelelewa mlimani anaijua: ukilifunga lishibe sawasawa huwezi kujitwika mwenyewe. Sharti pawe na mtu wa kukutwika. Na aliyekwisha kutwikwa hawezi kumsaidia mwingine, kwa sababu akitua lake, naye atahitaji mtu. Kwa hiyo wanawake hutwikana mmoja mmoja, na wa mwisho hutafuta kingo au kichuguu cha kuegemeza tita lake. Mimi nilikuwa nafunga tita dogo, kiasi cha nguvu zangu. Lakini wiki moja maziwa ya Sifa yalipungua mpaka yakabaki ya kumnywesha Ndeshi tu, nikaogopa. Nikakata mpaka mkono ukafa ganzi, nikafunga tita kubwa kama la mtu mzima. Nilipoinua kichwa, shamba lilikuwa tupu. Nilijaribu kulisukuma kwa goti, likanirudia. Nikajaribu tena, kamba ikalegea. Nikakaa juu yake. Sikulia, nilikuwa nawaza tu kwamba baba mdogo alikuwa na haki.

Nilisikia sauti kabla sijamwona mtu. "We Nsia! Hayo ni majani, au umemfungia na mwenye shamba humohumo?"

Alikuwa Mama Kunda, kichwa kitupu, ngata ya majani makavu ya mgomba imebaki mkononi.

"Nilidhani mmeshaondoka, mama."

"Tumeondoka. Mimi nimerudi. Mama yako nitamwambia nini siku nikimkuta huko, kwamba nimemwachia mwanawe njiani kama kandambili iliyokatika? Haya, inama. Si hivyo! Unainama kama bibi harusi. Kaza shingo."

Akanitwika. Tukapanda naye akiwa nyuma yangu, mpaka mahali alipokuwa ameshusha lake, kando ya mfereji. Nikasimama. Akapiga magoti chini ya kingo, akalivuta tita lake kichwani, likateleza. Akalivuta tena, likateleza tena. Nami nimesimama pale na mzigo wangu, mikono imeshika kamba, siwezi kumfanyia lolote. "Usinitazame," akasema akihema, "utanichekesha nianguke." Mara ya tatu akainuka nalo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangu haukuwa usufi kwa yule mama. Tangu siku hiyo aliwaambia wenzake watangulie, akaningoja kila siku, akanitwika kwanza, kisha akahangaika na lake mwenyewe. Sikuwahi kumtwika hata mara moja. Nilikuwa mfupi, mikono yangu isingefika.

Nyumbani, Ndeshi alikuwa akisikia nyayo zangu anatoka mbio mpaka kwenye migomba ya njiani. Ilikuwa kazi yake kunipokea mzigo. Alinyoosha mikono, ikafika tumboni mwangu, akapiga kelele, "Nimeshika, dada! Tua!" Elia akaja nyuma yake akalishusha kweli, na Ndeshi akajifuta jasho ambalo hakuwa nalo. Halafu wakaanza kupekua majani, maana nilikuwa naficha mapera humo. Jioni moja Sifa aliwawahi, akalitafuna pera lenyewe taratibu, macho amefumba. Ndeshi akashika kiuno. "Dada, mwambie ateme!" Elia akamjibu, "Mwambie wewe, ni rafiki yako." Ndeshi akamwinamia Sifa sikioni akamnong'oneza kwa adabu, Sifa akampiga na mkia. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha tukanyamaza wote kwa pamoja, maana hatukuwa tumecheka nyumbani mle tangu mama alipoondoka, na tulikuwa kama tunangoja atuulize tunacheka nini.

Vuli ilipoanza, baba mdogo alipanda tena, na shangazi Ruthi akiwa na begi tupu la nguo za Ndeshi. Baba mdogo akampapasa Sifa mbavu. "Amekonda," akasema.

"Amekonda, lakini amesimama," akajibu Mama Kunda kutoka mlangoni, na wala hakuwa ameitwa. "Hata wewe Amani umekonda, mbona hatukuuzi?"

Nilichemsha chai kwa maziwa ya asubuhi ile. Baba mdogo alikunywa kikombe chote, akakitazama ndani, akasema, "Chai ni nzito." Shangazi akalikunja begi lake, akalitia kwapani. Tukabaki.

Leo Elia yuko Dar es Salaam, Ndeshi ni mwalimu Singida. Wanakuja Krismasi, nyumba inajaa watoto na mvuke wa ndizi zinazochemka, na Januari wananiachia ukimya mkubwa kuliko ule walioukuta. Mimi nina mjukuu wa Sifa zizini. Majani siku hizi huletwa na toyo, pikipiki ya magurudumu matatu, nalipa, yanamwagwa mlangoni. Hakuna kundi njiani, wala wa kutwika wala wa kutwikwa. Ndeshi hunipigia akisema, "Dada, uza huyo ng'ombe upumzike." Nacheka tu. Sijui nitapumzika na nani.

Mama Kunda yupo bado, kwa mjukuu wake, na akili zake huja na kuondoka. Jumapili iliyopita nilimpelekea maziwa. Nilimkuta barazani, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akanitazama sana, halafu uso ukafunguka.

"Nsia! Bado uko hapa? Wenzako wameshashuka. Kimbia, mwanangu, usiogope kuchelewa. Nitakungoja."

Sikumwambia kwamba nina mvi. Nilisema, "Asante mama, nakwenda," nikainuka kweli. Hawezi tena kusimama bila kushikwa mkono, na bado ni mimi ninayengojwa.