Mawe ya Bibi Lleucu

Gethin alizikwa Alhamisi, na mkewe Tegwen hakulia. Si nyumbani, si kanisani, si kaburini. Alikata mkate wa zabibu, akawamiminia watu chai, akaosha vikombe. Ndani yake kulikuwa na ganzi tupu, kama mguu uliokaliwa.

Wifi yake, Heulwen, hakunyamaza. "Kaka yangu kakaa nawe miaka yote hiyo, wifi, hata chozi moja? Au ulikuwa unangoja?"

"Nilikuwa nangoja nini, Heulwen?"

"Unajua mwenyewe."

Lo! Na vijiji vya Welisi havina dogo. Kufika Jumapili, neno limeshafika buchani.

Jumatatu ya Pentekoste watu wa kanisa hupanda kwenye magofu ya ngome ya Hirgraig, na Tegwen, mshika ufunguo wa lango kama mama yake, huwasimulia kisa chake. Hakuna aliyemwambia mwaka huu apumzike, naye hakuomba.

Akaanza palepale alipozoea: Waingereza walivyoizingira ngome, njaa ilivyobana hadi watu wakachemsha ngozi za viatu, na alfajiri moja lango likakutwa wazi. Bwana Cadwgan, mwenye ngome, akauawa kizingitini. Mkewe Lleucu akaletewa maiti, akaitazama kwa macho makavu. Hapo watu wakajua nani kafungua lango! Na kisa kikifika hapo, tangu enzi za mababu, kila mtu huokota jiwe akalirusha chini ya dirisha la Lleucu. Msimulizi ndiye huanza. Tegwen alirusha tangu utotoni, tena kwa nguvu, maana alimchukia kwelikweli mwanamke yule.

Akaokota jiwe. Mkono haukunyanyuka.

"Haya, rusha," Heulwen akasema, lake kalishika tayari. "Au leo mmekuwa ndugu?"

Watu wakatazama chini. Mchungaji akakohoa.

"Nani alimwona akifungua lango?" Tegwen aliuliza. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Hayupo. Walimwona hakulia, basi. Mimi nilimpenda Gethin, Heulwen. Nampenda mpaka leo. Chozi nimelitafuta, silipati. Kama asiyelia ndiye msaliti, mwahangaika na dirisha la nini? Mimi niko hapa. Nirushie mimi."

Jiwe likamponyoka Heulwen, akaketi kwenye majani, akaangua kilio kama mtoto. Tegwen akakaa kando yake, akamkumbatia, akimwonea wivu.