Sauti ya Baba Ndani ya Sidii

Sauti ninayoikumbuka zaidi ya mwaka ule ni ya trei ya kompyuta ikijifunga. Ilijivuta ndani polepole kwa mkwaruzo mdogo, kisha sidii ikaanza kuzunguka, ikavuma kama nyuki aliyefungiwa chupani, ikapiga tik, tik, tik, halafu kimya. Baada ya kimya hicho maandishi yalitokea kwenye skrini yakitutaka tuweke sidii, na sidii tulikuwa tumeshaiweka. Ilikuwa Januari, msimu ambao upepo hutoka upande wa ziwa na kumwaga vumbi jeupe juu ya Nakuru yote. Pale Section 58 tulikoishi, vumbi lilipita chini ya mlango, likatua juu ya viti, juu ya vikombe, na juu ya kitambaa cha kufuma ambacho Mama alifunikia kompyuta. Nilikuwa darasa la tano. Mpaka leo, nikisikia harufu ya vumbi lililopashwa moto na mashine, hujikuta nikiisubiri ile tik.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya. Hakuhitaji maikrofoni. Alipoimba, watu waliokuwa wamesimama nje wakizungumza walinyamaza na kuingia. Nyumbani aliimba akinyoa ndevu, akitafuta soksi, akikaranga mayai. Kisha sauti ikaanza kukwama. Kwanza alilaumu vumbi, kisha chaki, akanywa tangawizi na asali mpaka nyumba nzima ikanuka tangawizi. Sauti ikazidi kupungua. Aliporudi kutoka kwa daktari hakula. Mimi na dada yangu Wangari, aliyekuwa kidato cha pili, tulikuwa sebuleni tukijifanya tunasoma, na mlango wa jikoni haukuwa umefungwa vizuri.

"Wamesema kuna kitu kimeota kooni," tulimsikia akimwambia Mama. "Wakikitoa, huenda nisiongee tena."

"Na kisipotolewa?" Mama akauliza.

Maji yaliendelea kutiririka kwenye sinki muda mrefu, wala hakuna aliyeufunga mfereji. Baadaye alitoka akatuambia jambo hili lisifike kwa majirani wala kanisani. Hakutaka watu waje kumkalia sebuleni wakimwangalia koo. Kwa hiyo tuliibeba hofu ile peke yetu. Shuleni nilikuwa nikimtazama mwalimu wetu akifungua mdomo kufundisha, nami nikijiuliza anaweza kuzimika wakati gani.

Kabla ya maradhi hayo kwaya ilikuwa imerekodi nyimbo chache katika studio ndogo mjini. Baba alipewa sidii moja akaisikilize nyumbani na kuona kama kuna pa kurekebisha, kabla nyingine hazijatengenezwa. Nyingine hazikutengenezwa kamwe, kwa sababu mwenye studio alihama mji na mashine zake. Basi sauti nzima ya Baba, ile ya zamani, ilibaki mahali pamoja tu, kwenye kile kisahani chembamba alichokiandikia jina la kwaya kwa kalamu nyeusi. Asubuhi walipoondoka kwenda hospitali Nairobi, Mama alituonyesha kilipo, ndani ya kabati la vyombo, akasema kisitoke nje ya nyumba kwa sababu yoyote ile.

Cucu, mama yake Baba, alishuka kutoka kijijini kwao Bahati kuja kukaa nasi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa kuketi. Siku ya kwanza alifua mapazia yote. Siku ya pili alipika githeri, mahindi na maharagwe, ya kutosha watu wa matanga, na nilipoliona lile sufuria nikaogopa zaidi. Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa ya upasuaji. Aliamka mapema, akafagia mahali alipokwishafagia, kisha akaja kusimama mbele ya kompyuta.

"Nimesikia mwanangu yuko ndani ya hii," akasema. "Niwekeeni aimbe."

Wangari aliitoa sidii kabatini kwa vidole viwili, akaiweka kwenye trei. Nyuki akavuma. Tik, tik, tik. Kimya. Akaitoa, akaipangusa kwa kitambaa cha miwani ya Baba, kutoka katikati kwenda nje kama alivyofundishwa shuleni, akairudisha. Ikawa vilevile. Tuliangalia nyaya za spika. Tulizima, tukawasha. Tukajaribu sidii ya masomo ya jiografia, nayo ikafunguka mara moja, ikatuonyesha picha za milima na volkano. Tukajaribu sidii ya nyimbo za kwaya nyingine ambayo Mama aliinunua dukani, ikakataa kama ya Baba. Basi mashine ilikuwa ikifungua masomo na kukataa muziki. Wangari alisema hiyo ni dalili njema, maana yake sidii haina kosa. Lakini nilimwona akiigeuza juani kutafuta mikwaruzo, nikajua anawaza ninachowaza. Vipi kama mashine ndiyo iliyokuwa ikiikwaruza kila tulipoiweka, na sisi tulikuwa tukiifuta sauti ya Baba kwa mikono yetu?

"Imekataa?" Cucu akauliza.

"Ni mashine tu, Cucu. Ina shida kidogo," Wangari akajibu.

"Imekataa," akarudia, safari hii bila kuuliza. Akaketi sakafuni, yeye ambaye hakuwahi kuketi, akavuta leso hadi mdomoni. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiogopa waziwazi namna ile. Mama alikuwa akijificha jikoni, Baba alikuwa akinyamaza. Cucu aliogopa mbele yetu. Wangari akapiga simu ya Mama. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana.

Tukamwacha Cucu pale sakafuni, tukakimbia hadi saiba, chumba cha kompyuta za kukodi kwenye maduka ya mtaa wetu. Mwenye zamu alikuwa dada mmoja aliyesuka nywele za rangi ya shaba, akila chapati huku akichapia mtu barua. Hatukumwambia ni sidii ya nani. Wangari alisema tu kompyuta yetu inafungua za masomo, za muziki inakataa.

"Mmejaribu kuitoa kwa list na kuirudisha?" akauliza. Akageuza skrini yake, akatuonyesha mahali penye orodha ya vifaa vyote ambavyo kompyuta inavitambua. "Hapa. Unachagua hii ya CD, unaitoa kabisa, unazima, unawasha. Itaitafuta yenyewe, kama kitu mpya."

"Na isipoiona?" nikauliza.

"Itaiona. Kawaida huwa inaiona."

Njiani nilimwomba Wangari tusifanye hivyo. Lile neno kawaida halikunipendeza. Baba naye kawaida alikuwa akiongea. Lakini Wangari alikuwa ameshaamua, na alikuwa akitembea kwa kasi hivi kwamba ilinibidi nikimbie ili nimfikie.

Aliketi, akaifungua ile orodha, akaifikia sehemu ya sidii. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika anataka kuiondoa. Mkono wake ukakaa juu ya kipanya bila kusogea. Nilimshika bega. Akabonyeza. Jina likapotea kwenye orodha, na mahali lilipokuwa pakajifunga kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu. Akaanza kuzima ili awashe upya, na skrini ikiwa katikati ya kujizima, stima ikapotea. Friji ikanyamaza jikoni. Redio ya jirani ikanyamaza. Upepo ukasikika, na vumbi likigonga mabati.

Nilikuwa na hakika, kwa namna mtoto anavyokuwa na hakika, kwamba taa zilizimika vilevile kule Baba alikolala, na kwamba daktari amesimama gizani na kisu mkononi. Nikaanza kulia kwa sauti. Cucu akanyanyuka, akaja akanivuta hadi tumboni mwake.

"Nyamaza," akasema. "Mimi pia naogopa. Tutaogopa pamoja."

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Chai ilipikwa kwa jiko la makaa, ikapoa bila kunywewa. Stima iliporudi, friji ilishtuka kwanza, kisha Wangari akabonyeza kitufe cha kompyuta. Ilikagua mambo yake, maandishi meupe yakipanda polepole kwenye skrini nyeusi, kisha picha ikatokea na dirisha dogo likafunguka kwenye kona likisema kifaa kipya kimepatikana. Wangari akaweka sidii. Nyuki akavuma. Tukasubiri ile tik, haikuja. Spika zikakohoa, na Baba akaanza kuimba.

Alikuwa peke yake mwanzoni, kabla kwaya haijamwitikia, na kabla ya neno la kwanza ungemsikia akivuta pumzi. Cucu alienda karibu na spika, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayepima homa ya mtoto. Tulidhani angelia. Aliimba. Hakuwa akiyajua maneno, akafuata tu sauti kwa kuvuma mdomo umefungwa, nyuma kidogo, na wimbo ulipokwisha akamwambia Wangari aurudie. Hofu haikuisha. Simu ya Mama ilikuwa bado haipatikani. Lakini nyumba ilikuwa na mtu wa nne ndani yake, hata kama hakuwa akituona.

Mama alipiga simu jioni, mlima Menengai ukiwaka rangi ya chungwa nyuma ya nyumba zetu. Kitu kile kilitolewa. Baba yu hai, amefumbua macho. Kuhusu sauti, alisema, wanasubiri. Walisubiri kwa wiki nyingi, nasi tukasubiri pamoja nao, na ilipokuja haikuwa sauti. Ulikuwa mkwaruzo, kama kiatu juu ya kokoto, na ndivyo ulivyobaki. Alirudi darasani akifundisha karibu kwa kunong'ona, na wanafunzi wake wakajifunza kukaa kimya. Kwenye kwaya hakurudi. Ile sidii aliisikiliza mara moja tu, amesimama, kisha akasema mpangilio wa besi ulikuwa mbaya.

Sasa mimi ni mama, naishi mtaa wa Free Area, hapa hapa Nakuru, na kompyuta ninayofanyia kazi haina hata pahali pa kuweka sidii. Nyimbo zile Wangari alizihamisha kitambo, ziko kwenye simu zetu na mahali pengine ambapo hatuwezi hata kupagusa kwa mkono, na hakuna anayehofu zitapotea. Juzi nilikuwa nikipika nikazicheza, binti yangu akauliza nani anaimba. Nikamwambia ni Guka, babu yake. Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Guka haongei hivyo."

Sikubishana naye. Mwaka ule niliamini kwamba sauti ile ikipotea, Baba amepotea. Sasa Baba ni mzee wa Bahati anayepanda viazi na kunipigia simu Jumapili. Akichelewa kupiga, ule woga wa zamani hunirudia, nami husimama dirishani na simu mkononi, nikiusubiri ule mkwaruzo.