Vichwa vya Risasi Mezani

Mtu aliyekimbia vita vya Kivu hapendi kukuta risasi mezani. Mimi nilizikuta siku ya kwanza ya kazi ya nyumbani, Etterbeek, hapa Brussels, kwa mzee Mbelgiji aliyezaliwa Bukavu, aliyesema Kiswahili chetu vizuri kuliko watoto wangu. Nilivaa tena koti niondoke. Akacheka, akasema ni za kutoboa karatasi tu, kwenye klabu yake ya kulenga shabaha. Nilibaki, ila kwa kununa.

Risasi zake alizijaza baruti mwenyewe. Miaka ya 2000 ikielekea mwisho, mashimo yake yalianza kutawanyika kwenye karatasi, naye alitaka kujua kosa liko wapi: kwenye risasi au mkononi. Kama ni mkono, angeiacha bunduki. Vidole vilikuwa vikimtetemeka, hivyo akaniomba nimpimie vichwa vya risasi kwenye mizani ndogo kabla hajavifunga kwenye maganda yenye baruti.

"Papa, lakini zote si zimetoka mu carton moja?"

"Carton moja, bon, lakini kilo hapana. Ile nzito inatoka polepole, inapiga chini. Nyepesi inapiga juu."

Nikaketi na sahani kana kwamba nachambua maharage. Zilizozidi uzito nikazitupa pembeni.

"Hapana, maman, hakuna mbaya. Weka kila moja na wenzake wa uzito ule ule, sahani yao."

Nakiri, kazi ile nilianza kuipenda. Lakini roho ilikuwa juu. Katika nyumba nilizofanyia kazi kabla ya hapo, kitu kikiharibika macho yote yalinigeukia mimi.

Jumamosi nikamsindikiza klabuni. Milio ilipoanza nilishika kiti kwa mikono miwili. Karatasi ikaletwa, mashimo yametapakaa huku na huku. Nikaanza kujitetea kabla sijaulizwa: nilipima vizuri, nilirudia, haki ya Mungu.

Akanishika bega. "Masasi iko sawa, maman. Ni weye ulipima. Ni mukono yangu njo imechoka."

Akaifuta bunduki taratibu, akawaaga wenzake. Machozi yalimtoka, na mimi pia yakanitoka, kila mtu kwa sababu yake.

Namshukuru mzee yule mpaka leo. Tuliporudi nyumbani mizani ilikuwa palepale mezani, na vichwa vilivyobaki viko kwenye sahani zake. Angeweza kuvipima upya, hata kwa vidole vile, ahakikishe kazi yangu. Aliisogeza mizani pembeni, akaniomba kahawa.