Kuku Asiye na Firigisi

Mpaka leo, kila nikimwona yule garson, mhudumu wa restora, kwenye misa ya saa tatu, kichwa kimeinama kama malaika wa plasta, natamani kumtia chura mfukoni. Na nitamtia. Chura ninaye tayari, anakaa kwenye kopo nyuma ya nyumba, ananenepa.

Dada yangu alikuwa amechumbiwa na karani wa posta, kijana wa tai, wa viatu vya kujitazamia uso. Sisi asili yetu ni Mitwaba, na huko mambo yanajulikana. Muoaji anapanda mwenyewe hadi kijijini, anampa baba mkwe kuku mzima aliyepikwa, na baba mkwe anaitafuta firigisi, kile kipande kigumu cha tumboni kinachosaga mahindi, anaila mbele ya watu. Akiimeza, dada ameolewa. Asipoimeza, hakuna ndoa, hata padri apige kengele mpaka kamba ikatike.

Lakini tangu Katanga ijitenge na Kongo na kujiita nchi, njia ya Mitwaba ilikuwa vita tupu. Hata barua za babu hazikufika tena. Baba, ambaye ni fundi wa reli na hapendi kuharakishwa, alikuna kidevu wiki mbili, halafu akamwambia karani:

"Bon. Utanilisha hapa hapa mujini. Kuku njo kuku, ya hapa ama ya kule."

Mama alibaki nyumbani, maana mama mkwe hawezi kula machoni pa mkwe wake. Mimi nikachukuliwa kuwa shahidi, kwa kuwa hakuna mwanamume mwingine kwetu. Walinivalisha kaptura ya shule na kunitisha kwa mkanda kabla hata sijafanya kitu.

Karani angeweza kupika kwa jirani. Lakini hapana, bwana wa posta alitaka kutuonyesha dunia! Akatupeleka katikati ya mji, kwenye restora ya mama mmoja wa Vietnam, mjane wa askari Mfaransa. Alisema kule wanapokea watu weusi bila kukunja pua. Ni kweli, yule mama hakukunja. Mwenye kukunja alikuwa garson wake, mweusi kama sisi, na glavu nyeupe mikononi.

Alituacha tumesimama mlangoni. Wazungu wawili walioingia nyuma yetu walikaa, wakaletewa chai, wakamaliza chai. Ndipo akatupeleka kwenye meza iliyo karibu na mlango wa choo. Baba alimsalimia kwa Kiswahili. Akajibu kwa Kifaransa cha puani. Akaweka vijiti viwili mbele ya kila mtu. Nikajitia vyangu puani, kimoja kila tundu.

"Toa hivyo," baba akasema bila kunitazama.

"Ni pembe, baba. Miye ni ng'ombe ya mahari."

Dada alicheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kucheka siku ile.

Karani akaagiza kwa sauti ya redio: kuku mzima, kwa heshima ya baba mkwe wake. Nilimwona garson akimtazama baba, akimtazama dada katika gauni lake jipya, akimtazama karani na jasho lake. Midomo yake ikacheza kidogo. "Bien sûr," akasema, yaani bila shaka, akaenda.

Kuku akaja. Mzuri! Ngozi ya kahawia, kifua, mapaja, mchuzi unanukia tangawizi. Baba akafanya ishara ya msalaba, akachukua uma uliokuja na sahani, akafungua tumbo. Ndani hakukuwa na tumbo. Akapasua kifua: hakukuwa na mfupa. Akavuta paja, mfupa wa paja ulikuwa kijiti cha muwa.

"Firigisi iko wapi?" baba akauliza polepole.

Na mimi, kwa ulimi wangu huu ambao haujawahi kwenda shule na mimi, nikasema: "Labda huyu kuku alikuwa anakula kwa padri, hakusaga kitu mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Ila garson. Alisimama pale na leso mkononi, akacheka mpaka wale wazungu wakageuka. "Ni maharagwe, papa," akasema, sasa Kiswahili kimemrudia ghafla. "Soya. Hapa hatupikagi nyama hata siku moja."

Mama mwenye restora akatoka jikoni mbio. Alikuwa mdogo kama mwanafunzi wa darasa la tano. Aliposikia, akashika kifua kwa mikono miwili, akamwuliza garson kwa Kifaransa: aliwaambia wageni mlangoni, kama anavyomwagiza kila siku, kwamba hapa haiuawi roho ya kitu chochote? Garson akatazama glavu zake.

Baba akamwuliza swali moja tu. "Kwenu ni wapi, mutoto?"

Garson akaanza kuikunja leso yake.

"Nakuuliza kwenu."

"Mitwaba, papa."

"Basi ulijua."

Baba akasimama, akavaa kofia yake ya reli. "Arusi hakuna," akasema, akatoka. Nilimfuata nikiwa nimekunja ngumi, kwa garson, kwa karani na ujinga wake wa tai, na kwangu mwenyewe, maana pale mezani mzaha wa kwanza nilikuwa nimeufanya mimi. Dada alilia njia nzima, na watu wa njiani walidhani tumefiwa.

Siku tatu dada hakula. Jumapili mchana, karani akatokea uani bila tai. Shati limepasuka bega, viatu tope, mkononi jani la mgomba lililofungwa.

"Kuku iko wapi?" baba akauliza.

"Askari ba barriere, bale banafunga njia, bameikamata, tata. Ilikuwa nzima, inapiga kelele. Nikabaambia: muikule yote, munipe firigisi tu."

"Banasema nini?"

"Banacheka. Bananipiga kidogo. Kiisha moja akaipasua na kisu yake."

Akafungua jani. Ilikuwa pale, moja, ndogo, bado ina damu. Niliuma ulimi wangu, na Mungu ni shahidi nilikuwa na mizaha minne tayari.

Mama akanyoosha mkono kutoka nyuma ya mlango wa jiko, bila kuonyesha uso, akaichukua na kuichoma makaani. Baba akaitia mdomoni. Akatafuna muda mrefu, kitu kikilia mkwaru, mkwaru menoni mwake. Dada alishika nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

"Iko na mchanga," baba akasema. "Hawakuisafisha."

Akameza.