Dawa Isiyogawanyika

Shule niliachia darasa la tatu. Nyumba hii ya mawe hapa Kaaga niliijenga kwa pesa za miraa, bila kusukumwa na mtu. Kwa hivyo ngozi yangu ilipotoa malengelenge na kuanza kuchubuka, watu wakawa wananisalimia kwa kichwa badala ya mkono, nilisema shauri yao.

Mmoja tu hakunikimbia. Tulitahiriwa naye siku moja, kwa kisu kimoja, na kwetu mtu wa namna hiyo humnyimi kitu. Kila Jumapili akitoka kanisani alipitia kwangu tunywe ucuru, ule uji wetu mchachu, kwa kibuyu kimoja. Hata midomo yangu ikiwa vidonda, alikunywa.

Daktari wa Embu, msichana wa umri wa mjukuu wangu, aliniambia ugonjwa huu hauambukizi. Ni mwili wangu wenyewe unaopigana na ngozi yake. Alinitibu, malengelenge yakakauka, sasa nameza dawa ya kuyazuia yasirudi. Nikienda kwake anapima damu, anakagua mdomo, ndipo anapunguza kipimo cha dawa. Kuna wakati alipunguza yakarudi, akapandisha tena.

"Mzee, kipimo hiki ni chako peke yako. Usiache kumeza, na usimpe mtu."

Basi Jumapili moja rafiki yangu akakunja suruali. Mguu ulikuwa umejaa upele.

"Nipe zile zako."

"Hizi hapana. Twende Embu ukaonwe, gari nalipa mimi."

"Kwani nimekuomba gari?" Akacheka. "Wewe bahili tangu ujana. Hata maji ya mto ulikuwa unakunywa ukiangalia nyuma!"

"Zitakuumiza."

"Zikuponye wewe, mimi ziniumize? Si damu yetu ilimwagika pamoja?"

Nikatia chupa ya dawa mfukoni. Aliuona mkono wangu ukienda mfukoni, na hapo akaacha kucheka. Akakunjua suruali, akachukua kofia, akaenda. Uji ulibaki nusu.

Nimemtumia watu wamwambie gari bado liko. Anawajibu hana shida na mimi. Haji.

Dawa hii haimezwi tumbo likiwa tupu, kwa hivyo Jumapili nakoroga uji, na mkono umezoea kukoroga wa wawili. Nakunywa wangu, nameza. Ngozi imefunga vizuri, huu mkono sasa unaweza kusalimia mtu yeyote. Geti huwa silifungi mpaka giza liingie.