Mdomo wa Arafa

Arafa binti Halfani, muuza mitumba wa mtaa wa Kikuyu pale Dodoma, alikuwa na mdomo. Serikali ilipofungulia biashara ya mitumba na marobota yakajaa mjini, yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kunadi. Gauni lenye kiraka angelisifu mpaka ulione jipya. Asiyemsifu kamwe ni mwanawe Khairat.

Mtoto wake wa kwanza, Amiri, alisifiwa afya na mtaa mzima, kisha surua ikamchukua. Watu walisema ni kijicho, na Arafa akaamini. Tangu hapo, mtu akimsifu Khairat, hujibu haraka, "Huyu? Hana lolote." Majirani hawakushangaa, nao walisema hivyo hivyo juu ya watoto wao.

Lakini Khairat alikuwa na akili ya kutisha. Pale darasa la pili, mwalimu hajaweka chaki chini, yeye keshamaliza hesabu zote. Na zawadi yake? Kukabidhiwa mtoto mchanga wa mwalimu huyo, Anastazia, ambembeleze nje mpaka kengele ilie! Arafa alipojua, damu ilimchemka. Akajifunga kanga, akamshika binti mkono, wakaenda kwa mwalimu mkuu kuomba arushwe darasa.

Mwalimu Bartolomayo, aliyehamia karibuni kutoka Songea, aliwapokea vizuri. Kwenye benchi walikaa wazazi wengine, masikio wazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Nasikia binti ana kichwa ajabu. Mwalimu wake anasita, lakini wewe ndiye unayeishi naye. Mwakani ataliweza la nne?"

Benchi zima likamgeukia Khairat. Arafa akayaona macho yale, akamkumbuka Amiri, na ulimi ukamponyoka.

"Huyu? Hana lolote, mwalimu. Anajua kuvunja vikombe tu."

Mwalimu mkuu akashusha pumzi. "Basi mama, umenirahisishia. Tumwache akomae na wenzake."

Arafa alitamani kulifuta neno lake. Kulirekebisha kulitaka amsifu mtoto mbele za watu, na hilo hakuliweza. Aliondoka akijichukia.

Muhula ukielekea mwisho, Mwalimu Anastazia alimpitia sokoni, anatabasamu. "Mama Khairat, mwanao siku hizi ametulia. Hamalizi mapema tena, wakati mwingine wenzake wanamtangulia."

Arafa alifunga biashara mchana kweupe. Nyumbani akafunga mlango na dirisha, akamkumbatia binti yake na kumnong'oneza, "Mwanangu, una akili kuliko wote."

Khairat alimtazama kwa huruma.

"Mama," alisema taratibu, "hivyo ndivyo unavyosifu magauni yenye viraka."